Muulize Mwalimu: Chuo kinakaribia na aljebra ilinipita kushoto

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja. Mtu kapata nafasi ya chuo au anaitafuta, kozi ina hesabu mwaka wa kwanza, akifungua daftari lake la zamani anaona kama mwandiko wa mtu mwingine. Basi safu nzima leo ni aljebra. Barua ndefu nimezipunguza, majina nimeyaacha vile wenyewe walivyojiita.

*Shikamoo mwalimu. Nilimaliza sekondari miaka 8 iliyopita na hesabu niliponea chupuchupu. Sasa nimepata nafasi chuo, kozi ina hesabu mihula miwili ya mwanzo na masomo yanaanza baada ya miezi 4. Juzi nikafungua kitabu cha hesabu za mwaka wa kwanza nikakutana na logarithi, funksheni, matriksi, nikakifunga hapohapo. Nianze na hizo logarithi ili nisizikute ni ngeni, au nirudi nyuma? Na nikirudi nirudi mpaka wapi, maana naona aibu kuanza na vitu vya watoto.*
*Aliyeponea Chupuchupu*

Marahaba. Rudi nyuma, tena rudi mbali kuliko unavyofikiria. Watu wengi wanaoniambia "aljebra inanishinda" nikiwaomba wanioneshe kazi zao nakuta x haina kosa lolote, kosa liko kwenye alama ya kutoa na kwenye sehemu, vitu ambavyo walivipita wakiwa wadogo kwa kubahatisha na vikawafuata mpaka juu. Aibu iweke pembeni kwanza, hakuna anayekuangalia.

Fanya hivi leo kabla hujanunua kitabu chochote. Chukua karatasi, kalkuleta iweke mbali, fanya haya sita na uandike kila hatua: 10 − 3 + 2 ni ngapi. Halafu −5² ni ngapi, na (−5)² ni ngapi. Halafu 1/2 + 1/3. Halafu fungua mabano kwenye 3 − 2(x − 4). Halafu tafuta x kwenye 5x − 7 = 2x + 8. Mwisho fungua (x + 3)². Usisome aya inayofuata mpaka umalize, nakuomba.

Haya. La kwanza jibu ni 9. Ukipata 5 basi MAGAZIJUTO imekudanganya, na hapa nina ugomvi nayo wa siku nyingi, kwasababu tulifundishwa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, tukaamini kujumlisha kunatangulia kutoa siku zote. Sivyo. Kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unakwenda nao kutoka kushoto kwenda kulia yeyote atakayetangulia, na kugawanya na kuzidisha nao hivohivo, kwahiyo 12 ÷ 2 × 3 ni 18. Tena hilo neno limesahau vipeo kabisa, ambavyo vinafanywa baada ya mabano na kabla ya kuzidisha na kugawanya. La pili ni −25 na 25, kwasababu ile ya kwanza kipeo kinakamata 5 peke yake na alama ya hasi inasubiri nje. La tatu ni 5/6, ukipata 2/5 umejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, na jiulize mwenyewe, umeanza na nusu ukaongeza kitu, inakuwaje ubaki na pungufu ya nusu? La nne ni 11 − 2x, na hapa ndo wengi wanaangukia, wanaandika 3 − 2x − 8 kwasababu −2 wameizidisha na x vizuri wakasahau kwamba −2 mara −4 ni +8, na wengine wanatoa 3 − 2 kwanza wanapata 1(x − 4), hao kazi yao ni kubwa zaidi kidogo. La tano x ni 5. La sita ni x² + 6x + 9, na kama uliandika x² + 9 karibu kwenye kundi kubwa kuliko yote, hilo ndo kosa ambalo walimu wa chuo wanalilalamikia kila mwaka.

Ukikosa yoyote kati ya manne ya mwanzo basi anzia hapo, namba hasi, sehemu, mabano, wiki 2 mpaka 3, na usione unapoteza muda. Ukipata yote sita anza na milinganyo ile yenye x pande zote mbili na yenye sehemu ndani yake.

Baada ya hapo ingia kwenye kugeuza fomula, na hili nalikazia maana vitabu vingi vinalipa kurasa mbili tu wakati chuoni, iwe fizikia, uchumi, kemia, unalifanya kila siku. Umepewa A = P(1 + rt) unaambiwa tafuta r. Gawanya pande zote kwa P, toa 1, gawanya kwa t, unapata r = (A/P − 1)/t. Hakuna namba hata moja ya kukuliwaza hapo, herufi tupu, na ukizizoea herufi tupu umepona nusu ya ugonjwa. Halafu vipeo, kwamba x³ mara x⁴ ni x⁷ (sio x¹²), kwamba x⁰ ni 1 ilimradi x sio sifuri, kwamba kipeo cha hasi kinaipeleka chini ya mstari, yaani x⁻² ni 1/x², na kwamba kipeo cha nusu ndo kipeuo cha pili chenyewe. Halafu kuvunja kwa vigawo, kwadratiki (milinganyo yenye x²), milinganyo miwili ya x na y kwa pamoja, grafu za mistari iliyonyooka, na zile za kubwa kuliko na ndogo kuliko, ambazo ni kama milinganyo ya kawaida isipokuwa ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi alama inageuka (3 ni ndogo kuliko 5, lakini −3 ni kubwa kuliko −5, jaribu tu mwenyewe).

Logarithi na funksheni ziache mwisho. Logarithi ni swali la vipeo lililogeuzwa tu, 2 ikipandishwa kwa kipeo gani inatoa 8? Kipeo ni 3, basi logarithi ya 8 kwa kizio cha 2 ni 3. Mwenye vipeo vilivyokaa sawa logarithi anazimaliza kwa siku chache, asiye navyo anaweza kukesha nazo mwezi mzima akiwa anakariri sheria asizojua zinatoka wapi. Matriksi usiziguse, kwa kawaida chuo wenyewe wanazianza mwanzo kabisa.

Na muda, saa moja kila siku inashinda saa saba za Jumapili.

*Mwalimu habari, mimi tatizo langu naangalia video za mtu anafundisha, naelewa KILA KITU, yaani natikisa kichwa kabisa, afu nikikaa mwenyewe na swali la hivohivo najikuta natazama karatasi tu. Ni ubongo wangu au?*
*Natikisa Kichwa*

Ubongo uko salama. Kuelewa mtu akifanya na kufanya mwenyewe ni kazi mbili, na umeifanya moja tu. Anayefundisha kwenye video ndiye anayeamua hatua inayofuata ni ipi, wewe unaamua tu kama unakubaliana naye, na kukubali ni rahisi. Kwenye mtihani kazi ngumu ni ileile ya kuamua, ambayo hujawahi kuifanyia mazoezi.

Kwahiyo badilisha hivi. Video ikianza swali isimamishe, jaribu mwenyewe hata dakika 5 hata kama unaandika ujinga, halafu ndo uendelee kuangalia. Ikiisha funga, lifanye swali lilelile upya bila kuangalia, ukikwama fungua uone hatua moja tu halafu funga tena. Kesho yake asubuhi lirudie kabla hujaanza jipya. Baada ya wiki lirudie tena. Utaona linachosha na linaonekana linakwenda taratibu kuliko kumaliza video kumi kwa siku, na ni kweli linakwenda taratibu, ila hayo yanabaki.

Lingine ambalo watu hawafanyi ni kuchanganya maswali. Vitabu vinaweka maswali 30 ya aina moja mfululizo, kwahiyo likija la 7 tayari mkono unajua cha kufanya kichwa kimelala. Chukua matatu ya sura hii, mawili ya sura iliyopita, moja la mwezi uliopita, yachanganye, hapo utalazimika kujiuliza hili ni la aina gani kwanza, na swali hilo ndo mtihani wenyewe.

Uwe pia na daftari dogo la makosa tu. Sio majibu sahihi, makosa. Andika ulichoandika, andika kwanini sio, na tarehe. Baada ya wiki 3 utakuta makosa yako ni manne au matano tu yanajirudia yakibadilisha nguo, na ukiyajua kwa sura unaanza kuyakamata kabla hayajafika kwenye karatasi.

Halafu zoea kuhakiki. Aljebra ina uzuri huu ambao masomo mengi hayana, kwamba ukipata x = 5 kwenye lile swali la 5x − 7 = 2x + 8 la hapo juu unairudisha kwenye swali unaona mwenyewe kama pande mbili zinalingana, hapa 5 × 5 − 7 ni 18 na 2 × 5 + 8 ni 18. Huhitaji kurasa za majibu za mwisho wa kitabu, na kusema kweli hizo kurasa zingebandikwa gundi ningefurahi.

*Hello mwalimu, sisi tulifundishwa namba "ikivuka inabadilika alama", nimeishi na hiyo mpaka leo lakini mara nyingine inagoma. Mfano 3x = 12 mi niliandika x = 12 − 3 = 9 nikakosa, wakati 3 imevuka na nimebadilisha alama. Pia hasi mara hasi kwanini ni chanya, kila ninayemuuliza ananiambia ndo sheria.*
*Ikivuka*

Asante kwa swali maana hiyo "ikivuka" imeumiza wengi. Namba haivuki popote. Kinachotokea ni kwamba unafanya kitu kimoja pande zote mbili, basi. Kwenye x + 3 = 12 unatoa 3 kushoto na unatoa 3 kulia, kushoto 3 inapotea kulia inaonekana −3, mtu akiangalia haraka anaona kama imevuka imebadilika. Kwenye 3x = 12 hiyo 3 haijajumlishwa na x, imezidishwa, kwahiyo cha kuiondoa ni kugawanya, pande zote, 3x ÷ 3 na 12 ÷ 3, x ni 4. Swali la kujiuliza kila mara ni x imefanywa nini hapa? Imezidishwa, gawanya. Imejumlishiwa, toa. Imepandishwa kipeo cha pili, tafuta kipeuo, na hapo kumbuka kwamba x² = 16 ina majibu mawili, 4 na −4.

Nakushauri kwa mwezi mzima uandike hatua kamili, yaani "toa 3 pande zote" kwa maneno pembeni, hata kama unaona ni utoto. Ukishazoea mkono wenyewe utaanza kuruka hatua, na hapo ruhusa.

Alama yenyewe ya = ililetwa na Robert Recorde, mwanahesabu wa Wales, mwaka 1557, alichoka kuandika "ni sawa na" kila mara, akachagua mistari miwili sambamba akisema hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Naitaja kwasababu wengi wanaisoma kama "jibu ni", wanaandika mlolongo kama 5 + 3 = 8 × 2 = 16, ambao ukiusoma unasema 5 + 3 ni sawa na 16. Kila unapoandika = jiulize kweli hivi viwili vinalingana?

Hasi mara hasi sasa. Tuanze na kitu ambacho hubishi: 4 + (−4) ni 0. Zidisha chochote na 0 unapata 0, kwahiyo −3 × (4 + (−4)) lazima iwe 0. Fungua mabano kama kawaida, unapata −3 × 4 ambayo ni −12, kujumlisha na −3 × −4. Jumla ni 0. Basi −12 ukiongeza nini unapata 0? 12. Kwahiyo −3 × −4 hana uchaguzi, ni 12, la sivyo mabano yangekuwa yanafunguka vizuri kwa namba chanya na kugoma kwa hasi. Huko India mwaka 628 mwanahesabu Brahmagupta alishaziandika sheria hizi, yeye namba chanya akiziita mali na hasi akiziita madeni, na ukikwama kwenye kujumlisha na kutoa fikiri hivohivo kama yeye: unadaiwa 7, unalipa 5, bado unadaiwa 2, basi −7 + 5 ni −2.

*Mwalimu naomba unisaidie ugomvi na rafiki yangu. Mimi nasema (x + 6)/6 unakata 6 kwa 6 unabaki na x. Yeye anasema haikatwi. Nani mkweli? Na pia x² = 5x, mimi nakata x moja kila upande napata x = 5, yeye anasema kuna jibu limepotea.*
*Mkataji*

Rafiki yako mkweli mara zote mbili, pole. Ubishi wa aina hii msinisubiri mimi, wekeni namba. Chukua x iwe 12, basi (12 + 6)/6 ni 18/6 ni 3. Kwa njia yako jibu ni x yaani 12. Imeisha. Kukata ni kugawanya juu na chini kwa kitu kilekile, na ukigawanya juu lazima ugawanye juu yote, 12 nayo inagawanywa sio 6 peke yake. Kwahiyo (x + 6)/6 ni x/6 + 1, weka 12 uone, 2 + 1 ni 3. Kitu kinakatwa kikiwa kimezidishwa na juu yote, kama 6(x + 1)/6, hapo ndo 6 zinakwenda unabaki na x + 1.

La pili, ulipogawanya kwa x ulidhani x sio sifuri bila kumuuliza. Na sifuri ni jibu, 0² ni 5 × 0. Usigawanye kwa kitu usichokijua. Leta vyote upande mmoja, x² − 5x = 0, vunja, x(x − 5) = 0, na vitu viwili vikizidishwa vikatoa 0 lazima kimoja wapo kiwe 0, kwahiyo x ni 0 au 5.

*Habari za kazi. Kwenye kwadratiki nimeikariri fomula vizuri sana, inatoa majibu kila swali. Kuna haja gani ya kujifunza kukamilisha mraba na kuvunja kwa vigawo? Naona ni kupoteza muda.*
*Fomula Kwanza*

Fomula ni nzuri, na kama unaijua bila kukosea alama hongera, wengi wanaanguka kwenye −b (b ni ile namba inayozidisha x) pale b yenyewe ikiwa hasi. Ila chuoni kukamilisha mraba kunakuja tena mahali ambapo fomula haina msaada, kwenye duara, kwenye kutafuta sehemu ya juu kabisa au ya chini kabisa ya grafu, kwenye kalkulasi (hesabu za kasi ya mabadiliko). Halafu fomula yenyewe inatoka humohumo.

Angalia jinsi ilivyofanywa zamani. Al-Khwarizmi, mwanahesabu wa Baghdad, karne ya 9, alikuwa na swali ambalo leo tungeandika x² + 10x = 39. Yeye hakuwa na x, aliandika kwa maneno matupu. Chora mraba wenye upande x, eneo lake x². Ile 10x igawe mara mbili, mistatili miwili ya 5 kwa x, mmoja ubandike kulia kwa mraba mwingine chini yake. Sasa una umbo karibu mraba mkubwa ila kona moja imepungua, na kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Jaza kona. Ulikuwa na 39 umeongeza 25 unapata 64, huo ni mraba mzima wenye upande x + 5, na upande wa mraba wa 64 ni 8, kwahiyo x + 5 = 8, x ni 3. Sisi leo tunaongeza kwamba upande unaweza kuwa −8 pia, basi x ni −13, yeye hilo hakulihesabu, mchoro hauna upande wa hasi.

Chora hiyo kwa mkono wako mara moja tu, halafu fanya x² + 6x = 7 mwenyewe (utaongeza 9, utapata 1 na −7). Ndo utaelewa pia kwanini (x + 3)² haiwezi kuwa x² + 9, ile mistatili miwili ya pembeni utaiweka wapi?

Kuvunja kwa vigawo nako kunahitajika, hasa kwenye kurahisisha sehemu zenye x, huko fomula hata haiingii.

*Mwalimu mimi naenda kusoma mambo ya biashara na uchumi, sio uinjinia. Kweli nitaihitaji aljebra yote hii au wanatutisha?*
*Sio Injinia*

Hawatishi. Nikupe mfano wa kwako. Kitu kinakua kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka mingapi kitakuwa mara mbili? Unaandika 1.05 kwa kipeo cha n sawa na 2. Hiyo n imekaa juu kwenye kipeo, huwezi kuishusha kwa kugawanya wala kutoa, hapo ndo logarithi inapopata kazi: n ni logarithi ya 2 kugawanya kwa logarithi ya 1.05, kama miaka 14 na kidogo. Bei ambayo wauzaji na wanunuzi wanakubaliana ni milinganyo miwili kwa pamoja. Gharama ikiwa C = 200 + 5q (q ni idadi ya vitu), hiyo 5 ni mteremko wa mstari, yaani kila kimoja cha ziada kinakugharimu 5.

Na kalkulasi, ambayo kozi nyingi za uchumi zinayo, mlango wake wa kwanza ni aljebra tupu. Unataka kujua x² inabadilika kwa kasi gani, unaandika ((x + h)² − x²)/h, unafungua mabano, x² zinafutana, inabaki (2xh + h²)/h, unakata h (hapa inakatwa kihalali, Mkataji angalia hapa), unapata 2x + h, halafu h unaifanya ndogo mpaka inaelekea sifuri, inabaki 2x. Wazo jipya la kalkulasi hapo ni lile la mwisho tu. Mwanafunzi aliyeandika x² + h² kwenye hatua ya kwanza hatafika kuliona, na ataondoka akisema kalkulasi ngumu.

*Kuna programu za simu unapiga picha swali inakupa jibu na hatua zote. Nitumie au nisitumie?*
*Mpiga Picha*

Itumie baada ya kumaliza, kutafuta ni mstari gani ulikosea. Ukiitumia kabla umeajiri mtu akufanyie mazoezi. Na kama mtihani wako wa chuo unaruhusu kalkuleta isiyo na grafu tu, fanya mazoezi na hiyohiyo kuanzia sasa.

*Shikamoo mwalimu, nina miaka 41 narudi shule. Nitajuaje kwamba sasa niko tayari, maana naogopa kujidanganya?*
*Mama wa Watatu*

Marahaba mama, na hongera. Umri hauna neno hapa, watu wazima mara nyingi wana subira ya kuandika hatua zote ambayo vijana hawana. Nakupa maswali ya kujipima, yafanye kwa mkupuo mmoja bila kitabu, ukiwa umepumzika, nusu saa inatosha. Usiangalie muda sana mara ya kwanza.

Tafuta x kwenye (x − 1)/2 − (x + 2)/3 = 1. Kutoka kwenye 1/f = 1/u + 1/v, tafuta v. Tafuta x kwenye x² − 2x − 15 = 0. Tafuta x na y ikiwa 2x + 3y = 12 na x − y = 1. Tafuta x ikiwa −2x + 1 ni ndogo kuliko 7. Tafuta x ikiwa 3 kwa kipeo cha x + 1 ni sawa na 81. Na la mwisho, kipeuo cha pili cha (x + 6) ni sawa na x.

Ukipata sita au yote saba nenda chuo ukalale usingizi. Ukipata manne au matano uko karibu, angalia uliyokosa yako sura gani urudi hapo tu, usianze kitabu upya. Chini ya hapo bado kuna kazi, ila utakuwa umeshajua ni kazi ipi.

Majibu: x ni 13 (zidisha kila kitu kwa 6 kwanza, na hiyo alama ya kutoa iingie kwenye mabano yote ya pili, sio kwenye x peke yake). v = uf/(u − f). x ni 5 au −3. x ni 3 na y ni 2. x ni kubwa kuliko −3. x ni 3. La mwisho x ni 3 peke yake, ukipandisha pande zote kipeo cha pili utapata na −2, lakini irudishe kwenye swali uone, kipeuo cha 4 ni 2 sio −2, kwahiyo hiyo unaifuta.